OLNEY: MJI MDOGO WENYE KUMBUKUMBU NZITO

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walisema wahenga. Lakini mtu anaweza kuishi mahali pamoja miaka mingi, akapita mbele ya nyumba ile ile kila siku, asijue ni nani aliyelala humo, ni nani aliyelia humo, wala ni kazi gani iliyofanywa mlangoni pake. Ndiyo maana leo, ndugu msomaji, twakuomba ufuatane nasi hadi katika mji mmoja mdogo wa Uingereza, mji ambao aghalabu hautajwi katika habari za dunia, lakini ambao mambo yaliyotendeka ndani yake yanatuhusu hata sisi tulio mbali.

Itajwapo nchi ya Uingereza, wengi wetu huona akilini mwao London na madaraja yake, au Manchester na viwanda vyake, au Liverpool na bandari yake. Hiyo ni miji mikubwa, nayo ina watu wa kila taifa. Lakini mila za nchi, mazoea ya nyumbani, na zile hadithi ambazo bibi humsimulia mjukuu, aghalabu huhifadhiwa katika miji midogo yenye soko moja, kanisa moja kubwa na mto mmoja. Olney ni mji wa namna hiyo. Upo katika jimbo la Buckinghamshire, kaskazini ya London, mwendo wa kilomita zipatazo 90, karibu na mahali ambapo jimbo hilo hupakana na Bedfordshire na Northamptonshire. Wakazi wake ni zaidi ya 6,000 tu.

Ukiingia mjini kutoka upande wa kusini, utavuka daraja la mto Great Ouse, mto mpole upitao taratibu katikati ya malisho, ingawa wakati wa masika hufurika na kuyageuza malisho hayo kuwa ziwa. Kando ya mto utaliona kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo, lililojengwa katika karne ya 14. Mnara wake uliochongoka una urefu wa mita 56 hivi, na mkulima aliye shambani mbali huutambua mji wake kwa mnara huo kabla hajaiona nyumba hata moja. Kutoka hapo barabara hukupeleka hadi uwanja wa soko, kisha hupanuka na kuwa njia kuu iliyonyooka, yenye nyumba za mawe pande zote mbili. Soko huwa kila Alhamisi, na watu hununua mboga, jibini na samaki huku wakiulizana habari za wagonjwa na za watoto, kama ilivyo desturi ya masoko duniani kote.

MBIO ZA KIKAANGO

Pengine wewe msomaji umekwisha kuusikia mji huu kwa jambo moja la kuchekesha, nalo ni mbio za chapati za maji. Kila mwaka, siku ya Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, wanawake wa Olney hukusanyika katika uwanja wa soko. Kila mmoja amevaa sketi, aproni na kitambaa cha kichwa, na mkononi ameshika kikaango chenye chapati ya maji. Ifikapo saa sita kasoro dakika tano mchana kengele hulia, nao huirusha chapati juu na kuidaka kwa kikaango, kisha hutimua mbio hadi kanisani. Njia yenyewe ni yadi 415, yaani kiasi cha mita 380. Anayefika kwanza huirusha chapati yake tena ili kuthibitisha kuwa haikuanguka njiani, halafu hupewa busu la amani. Baadaye watu wote huingia kanisani kwa ibada.

Mila hii ina maana yake. Zamani, kabla ya siku arobaini za mfungo wa Kwaresima kuanza, kila familia ilitakiwa kuyamaliza mayai, maziwa na mafuta yaliyokuwamo jikoni, kwa kuwa havikuruhusiwa kuliwa wakati wa mfungo. Njia rahisi ya kuvimaliza ilikuwa kukoroga unga na kukaanga chapati za maji. Siku hiyo hiyo kengele ya kanisa ililia kuwaita watu waende kuungama dhambi zao. Masimulizi ya mji husema kwamba mwaka 1445 mama mmoja alikuwa jikoni akikaanga, akaisikia kengele ikilia, akatambua kwamba amechelewa. Hakungoja kuvua aproni wala kutua kikaango. Alikimbia navyo hadi mlangoni pa kanisa, chapati ikiwa bado ya moto.

Jina la mama huyo halikuhifadhiwa, na hayo ni masimulizi, si maandishi ya wakati ule. Hata hivyo mji umeyashika. Mbio zilikoma wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1948 kasisi wa mji, Ronald Collins, alizifufua. Mwaka 1950 wakazi wa mji wa Liberal, katika jimbo la Kansas huko Marekani, waliona picha za mbio hizo, wakatuma salamu za kuomba mashindano. Tangu hapo wanawake wa miji miwili, waliotenganishwa na bahari ya Atlantiki, hukimbia siku moja umbali ule ule, kisha muda wao hulinganishwa.

Tafadhali, msomaji, ukumbuke habari hii ya mama aliyekimbilia kuungama. Tutairudia.

MTO ULIOJAA PINI

Sasa tuingie katika nyumba za wanyonge. Kwa muda wa zaidi ya miaka 200 kazi kubwa ya wanawake wa Olney ilikuwa kufuma kimia, kile kitambaa chepesi chenye matundu na maua ambacho mafundi wetu wa cherehani hukiita lesi. Siku hizi mashine hukitoa kwa maelfu ya mita. Wakati ule kila ua lilitoka katika vidole vya mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke aliweka mapajani mto mgumu ulioshindiliwa majani makavu. Juu ya mto alitandaza kipande cha ngozi kilichotobolewa vitundu kufuata mchoro. Katika kila kitundu alichomeka pini. Nyuzi zilizungushwa katika vijiti vyembamba vya mti au vya mfupa, na kila kijiti kilifungwa shanga mkiani ili kisibingirike na kuivuruga kazi. Mchoro mdogo ulitaka makumi ya vijiti, na mkubwa ulitaka mamia. Mfumaji alivivusha viwili viwili, akasokota, akachomeka pini, akavivusha tena. Kazi ya siku nzima, kutoka asubuhi hadi usiku, yaweza kufunikwa kwa kiganja cha mkono.

Moto ndani ya chumba ulikatazwa, maana masizi yangeuchafua uzi mweupe. Wakati wa baridi kali wanawake waliweka chungu chenye majivu ya moto chini ya sketi zao ili miguu isigande. Usiku waliketi kuizunguka meza yenye mshumaa mmoja tu, na mbele ya mshumaa waliweka chupa za mviringo zilizojaa maji. Mwanga ulipopita katika maji ulikusanyika na kuangukia kazi ya kila mmoja. Hivyo mshumaa mmoja uliwatosha wafumaji kadhaa, na macho yao yalilipa gharama iliyobaki.

Watoto hawakuachwa. Mtoto wa miaka mitano au sita alipelekwa katika shule ya kimia, ambayo kwa kweli haikuwa shule bali chumba cha kazi katika nyumba ya mama mmoja. Huko aliimba nyimbo za kuhesabia pini, ili sauti iisukume mikono na usingizi usimshike. Faida haikuwa yake wala ya mama yake. Wafanyabiashara wa kimia ndio waliouza uzi, na wao hao ndio walionunua kazi iliyokwisha, kwa bei waliyoipanga wenyewe. Kimia hicho kilikwenda kupamba kola na mikono ya mavazi ya matajiri, ambao wengi wao hawakupata kulisikia jina la Olney.

Hali yao twaijua kwa sababu jirani mmoja aliiona, akaiandika. Mwaka 1780 palikuwa na muswada wa sheria uliotishia kuiharibu biashara ya kimia. Mshairi William Cowper, aliyekuwa akikaa mjini humo, alimwandikia rafiki yake wa London kumwomba amnong'oneze waziri mmoja mkubwa habari za watu wa Olney. Alisema kwamba katika mji huo mdogo wamo wafumaji wapatao 1,200, kwamba ameuona umaskini wao kwa macho yake, na kwamba hata wakifanya kazi bila kupumzika hupata tu cha kuwazuia wasife njaa.

Muswada huo ulikataliwa. Adui wa kweli alikuja baadaye. Katika miaka ya 1808 na 1809 mvumbuzi John Heathcoat alitengeneza mashine iliyoweza kufuma wavu wa kimia, na mashine haisinzii. Bei zilishuka mwaka hadi mwaka. Kufikia mwisho wa karne ya 19, kazi iliyowalisha bibi na mama haikuweza tena kumlisha mjukuu, na vijana wengi wakageukia utengenezaji wa viatu. Mwaka 1928 mfanyabiashara Harry Armstrong alijenga mjini jengo la kuuzia kimia kilichofumwa majumbani, lakini hayo yalikuwa machweo ya kazi hiyo, si mapambazuko.

NAHODHA ALIYEGEUKA KASISI

Mwaka 1764 alifika Olney kasisi mpya mwenye umri wa miaka 38. Jina lake John Newton. Watu walimpenda, maana hakuwa mtu wa majivuno. Alivaa koti lake kuukuu la ubaharia akizunguka nyumba kwa nyumba kuwaona wafumaji, naye alihubiri kwa maneno ambayo mtu asiyesoma aliyafahamu. Kanisa lilijaa hata ikabidi kuongeza roshani ya ndani ili watu wapate pa kukaa.

Si kwamba kila siku ilikuwa njema. Mwaka 1777 nyumba kadhaa ziliungua mjini. Muda mfupi baadaye ilikaribia sikukuu ya tarehe 5 Novemba, ambayo Waingereza huiadhimisha kwa mioto, na kasisi akawasihi watu waiache mwaka huo kwa usalama. Kundi la vijana wenye hasira lilikwenda kuizingira nyumba yake, ikabidi watulizwe kwa maneno laini na shilingi moja.

Kasisi huyo alikuwa na habari nzito nyuma yake. Alizaliwa London mwaka 1725. Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu na kutiwa katika manowari, akatoroka, akakamatwa tena na kuchapwa viboko. Baadaye aliangukia mikononi mwa mfanyabiashara wa utumwa katika visiwa vilivyo karibu na pwani ya Sierra Leone, akateswa na kunyimwa chakula hata watumwa wenyewe wakamhurumia. Mwaka 1748, akirejea kwao, dhoruba karibu ilizamishe jahazi lao, naye akamwomba Mungu. Siku hiyo aliikumbuka maisha yake yote.

Ndugu msomaji ungetazamia kwamba mtu aliyeonja utumwa, kisha akaokolewa na mauti, asingemfunga binadamu mwenzake mnyororo. Sivyo ilivyokuwa. Baada ya dhoruba ile, kati ya 1750 na 1754, John Newton aliongoza safari tatu akiwa nahodha wa majahazi ya watumwa. Alinunua watu katika pwani ya Afrika Magharibi, akawapeleka kuuzwa katika visiwa vya Karibi. Juu, chumbani mwake, alisali na kusoma. Chini, penye giza, watu walilala wakiwa wamefungwa pingu. Aliiacha kazi hiyo kwa sababu ya ugonjwa, wala si kwa sababu dhamiri ilimzuia.

Basi huyo ndiye aliyetunga, kwa ajili ya ibada ya tarehe 1 Januari 1773 hapo Olney, wimbo ambao leo huimbwa na Wakristo wa dunia nzima, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zake: "Amazing Grace", yaani Neema ya Ajabu. Wafumaji wa kimia ndio walioupokea kwanza. Lakini sauti tuijuayo sote haikuwa yao, kwani ilioanishwa na maneno hayo huko Marekani mwaka 1835. Mwaka 1779 zilitolewa nyimbo 348 katika kitabu kimoja kilichobeba jina la mji. Nyingi zilikuwa za Newton, na zaidi ya sitini za rafiki yake Cowper.

JIRANI MWENYE SUNGURA

Cowper alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa mpole, msomi, na mwenye ugonjwa wa huzuni uliomrudia mara kwa mara hata akatamani kufa. Aliishi katika nyumba ya matofali mekundu kwenye uwanja wa soko, akitunzwa na mjane aitwaye Mary Unwin. Mwaka 1774, ili kuipumzisha akili yake, alianza kufuga sungura watatu, akawapa majina ya Puss, Tiney na Bess. Aliwajengea vijumba kwa mkono wake, akaandika tabia ya kila mmoja kama mtu aandikavyo habari za watoto wake. Katika nyumba hiyo alitunga kazi zilizompa sifa, mojawapo ikiwa "The Task", iliyotoka mwaka 1785.

Bustani yake na ya kasisi zilitenganishwa na shamba la miti ya matunda la mtu mwingine. Marafiki hao walimlipa mwenye shamba gini moja kwa mwaka ili wapate haki ya kulikatiza, wasizunguke barabarani. Fikiri kidogo juu ya sarafu hiyo. Gini ilipewa jina la pwani ya Guinea, ambako dhahabu ya kuitengenezea ilitoka, na pwani hiyo ndiyo ambayo Newton alikuwa akinunua watu. Katika mji mdogo ulio mbali na bahari, hata ujia wa kwenda kwa jirani ulilipiwa kwa fedha yenye jina la Afrika.

Newton alihamia London mwaka 1780. Mwaka 1785 kijana mmoja mbunge, William Wilberforce, alimwendea kwa siri kutaka shauri, akiwa amekusudia kuacha siasa. Newton alimsihi abaki bungeni. Mwaka 1788 hatimaye alitoa kitabu kidogo cha kuishutumu biashara ya watumwa, akieleza bila kificho aliyoyatenda na aliyoyaona. Alitoa pia ushahidi mbele ya wakuu wa serikali na wabunge. Mwaka huo huo Cowper, aliyekuwa amehamia kijiji jirani cha Weston Underwood, alitunga mashairi ya kupinga utumwa, nayo yakachapishwa na kuenezwa. Sheria ya kuipiga marufuku biashara hiyo katika himaya ya Uingereza ilipita Machi 1807, na Newton akafa Desemba mwaka huo.

Hapa ndipo turudi kwa mama wa chapati. Yeye, kengele ilipolia, alikimbia na kikaango. Nahodha aliacha majahazi mwaka 1754, akanyamaza hadharani hadi mwaka 1788. Hiyo ni miaka 34, na kumi na mitano kati ya hiyo aliikaa Olney, akiwafundisha watu toba kila Jumapili. Juu ya sehemu ya moto katika chumba chake cha kusomea aliandika maneno ya Biblia ya kumkumbusha kwamba naye alikuwa mtumwa. Maneno ya kumkumbusha kwamba aliuza watumwa hakuyaandika. Mwenyewe alikiri katika kitabu chake kwamba ungamo lake limechelewa. Wakati huo watu waliendelea kupakiwa majahazini, na hakuna ungamo liwezalo kuwarudisha.

Tuseme basi kwamba toba yake ilikuwa bure? La, hasha. Ushahidi wa mtu aliyeshika funguo za pingu ulikuwa na nguvu kuliko wa mtu aliyesikia tu. Lakini sheria ya 1807 haikufika kila mahali. Kwetu pwani ya Afrika Mashariki, soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali pale lingali likiwaambia wapitao. Anayejua uchungu wa jambo hilo atapima mwenyewe uzito wa miaka 34 ya kimya.

MJI HUO LEO

Leo ukifika Olney utakuta mji safi wenye maduka madogo na migahawa. Treni ya abiria ilikoma mwaka 1962, na wakazi wengi huenda kazini kwa magari, hasa katika mji wa jirani wa Milton Keynes, ambao ulianza kupangwa mwaka 1967 na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2022. Nyumba ya Cowper imekuwa jumba la makumbusho tangu mwaka 1900, baada ya mwenyewe, W. H. Collingridge, kuutunukia mji. Humo utaona vitu vya mshairi na vya kasisi. Humo pia utaona mito ya kufumia, na vijiti vya mfupa vilivyochongwa majina ya watu ambao historia haikuwaandika popote pengine.

Mwisho nenda katika uwanja wa kanisa. Newton alizikwa London, lakini mwaka 1893 mifupa yake ililetwa Olney. Maneno ya ukumbusho aliyatunga mwenyewe. Yanasema kwamba alikuwa kafiri na mpotovu, mtumishi wa watumwa huko Afrika, kisha akasamehewa. Yasome mara mbili, ndugu msomaji. Yataja kwamba alitumikia. Hayataji kwamba aliuza.

Kila mji una jiwe kama hilo, la kuchongwa au la kusimuliwa, lenye maneno yaliyosemwa na maneno yaliyoachwa. Basi utakapokaa jioni na wanao, waulize wazee wa mji wako: ni nani aliyeijenga nyumba ile ya kale, kwa mikono ya nani, na kwa fedha iliyotoka wapi? Waulize mapema, maana wazee nao hawangoji.